Chumvi ya Mwalimu Nasser

Jumatatu, 6 Juni 1977
Mwalimu wa kemia amevuka mpaka kwenda Kenya bila kuaga. Mkuu wa shule, Bwana Tarcisio, akauliza nani atalishika somo. Walimu wote wakatazama viatu vyao. Nikasimama mimi, Nasser, mwalimu wa dini.

Nimesoma kitabu tangu adhuhuri. Atomu si jambo gumu. Kiini katikati, elektroni zinakizunguka kwa matabaka. Sodiamu inazo kumi na moja: kumi zimetulia ndani, moja iko nje peke yake, inatafuta pa kwenda. Klorini ina saba tabaka la nje, inatamani ya nane. Moja ikitoa na nyingine ikapokea, zinashikamana. Hiyo ndiyo chumvi.

Kampala haina chumvi tangu Maulidi. Hakuna aliyefikiria kuitengeneza. Nimefikiria mimi.

Jumanne, 7 Juni
Somo la kwanza limefana. Mwanafunzi mmoja, Acen, akauliza: sodiamu huwaka moto, klorini ni hewa ya sumu, vipi vikiungana tunatia kwenye mchuzi? Nikamjibu kwamba shangazi yangu na mumewe, kila mmoja peke yake alikuwa hatari, lakini nyumbani kwao kulilika vizuri. Darasa zima likaandika.

Okullo wa fizikia alikuwa dirishani. Akasema sodiamu haichagui, humpa elektroni yake yeyote inayekutana naye kwanza. Wivu huo.

Nimechukua pande la sodiamu kabatini. Linalala ndani ya mafuta ya taa.

Alhamisi, 9 Juni
Klorini nimeipata: unga wa kutakasa maji. Nitaukoroga ndooni, kisha nitie sodiamu.

Nilimwambia mke wangu, Mahfudha, asiseme kwa mtu. Amemwambia Laker tu, mke wa Sajini Oloya, jirani yetu hapa Nateete. Laker hupata chumvi ya jeshi. Hutugawia kijiko kimoja, akikiinua juu ili mtaa mzima uone. Keshokutwa kijiko nitainua mimi.

Jumamosi, 11 Juni
Majirani walikuja na vikopo. Nikatoa hotuba fupi juu ya elektroni, kisha nikatupa pande lote ndooni. Likakimbia juu ya maji, likachachatika, likashika moto. Ukafuata mlipuko. Ndoo ikaruka ua. Maji yakaimwagikia sare ya Sajini iliyokuwa imeanikwa. Vikopo vilibaki, wenyewe hawakuwapo tena.

Siku hizi mlipuko ukisikika, watu hufunga madirisha. Haukupita muda, gari la jeshi likafika. Wakaniuliza nani amenipa bomu. Nikaanza kueleza tabaka la nje. Wakafungua buti la gari. Hapo nikaacha kueleza. Namjua mwalimu aliyetiwa kwenye gari kama lile. Mkewe bado anampakulia chakula. Mahfudha alinishika kanzu, hakuiachia.

Sajini Oloya akatoka kwake na fulana, sare mkononi, imejaa madoa meupe. Akapiga saluti.

"Afande, hii mtu ni mwalimu tu. Alikuwa natengeneza chumvi."

Afande akaitazama ndoo, akanitazama mimi. Akacheka mpaka akaegemea mlango wa gari. Wakaondoka.

Nimemshukuru Oloya kwa mikono miwili. Lakini hilo "tu" halikuwa la lazima.

Jumapili, 12 Juni
Okullo amekuja kunipa pole. Akaeleza kwamba maji yalikuwa karibu kuliko klorini, sodiamu ikayapa maji elektroni yake, ikatoka haidrojeni, nayo ikawaka. Nikamwambia hilo ndilo nililokusudia kuwaonyesha majirani.

Laker ameleta chumvi, kikombe kizima, bila kuinua kijiko. Mahfudha alilia akiipokea. Mimi nimeionja. Imeungana vizuri.

Baada ya chakula nimefungua ukurasa unaofuata. Sasa naona kosa lilikuwa la sodiamu. Ni bahili. Chini yake kwenye jedwali ipo potasiamu: elektroni yake ya nje iko mbali zaidi na kiini, inaitoa kwa moyo mweupe. Bwana Tarcisio anasema ipo chupa nzima stoo.

Ndoo ilikuwa ndogo. Nimeazima pipa.