Chumba cha Nyuma Hakipangishwi

Jumatatu, 3 Juni
Nimepata mpangaji! Fundi cherehani, mjane, anaishi na baba yake mzee. Wanahamia Ijumaa. Jumapili napanda ndege kumfuata mke wangu, muuguzi, aliyetangulia ng'ambo mwaka jana. Mwaka mzima ni simu tu. Jana alisema amechoka kula peke yake.
Nyumba yote naipangisha isipokuwa chumba chetu cha kulala, cha nyuma. Fundi nimemwambia ni stoo. Kitanda kimetandikwa, na mto wa mke wangu bado unanukia mafuta yake ya nywele. Huo haupangishwi ng'o.

Jumatano, 5 Juni
Ofisi ya mapato, kuwaarifu kwamba nahama. Ofisa, mama mwenye miwani puani, akauliza kama nimebakiza pa kulala. Nikajigamba: chumba, kitanda, mto! Akaweka kalamu chini. Akasema mtu anayengojwa na kitanda chake hajahama. Ni mkazi bado, na kodi ya mapato atalipa huku na huko. Mdomo huu utaniponza. Anataka mkataba wa nyumba nzima ndipo anipe barua. Bila barua, kule kwa mke wangu sipewi kibali cha kuishi.

Ijumaa, 7 Juni
Fundi ametia saini: nyumba nzima. Barua ninayo, ina muhuri. Akili ni mali! Fundi akaomba ufunguo wa stoo. Nikasema umepotea. Uko ndani ya soksi yangu.
Nikawaaga kwamba naenda kulala kwa shemeji, kaka wa mke wangu. Nikazunguka nyuma, nikaingia kwa dirisha. Suruali imechanika. Nalala hapa hadi Jumapili. Nani atajua?

Jumamosi, 8 Juni
Vitunguu! Fundi alikuwa anakaanga, na jiko limepakana na chumba changu. Nikapiga chafya. Nikapiga ya pili. Mzee akaja mlangoni, akauliza kwa upole kama stoo ina mafua.
Nikafungua, mto kifuani. Nikaeleza yote: kwamba mwaka mzima nimelala nimeukumbatia, na nikiuacha sijui nitashika nini. Fundi akanitazama kwa huruma. "Kaka, si unamfuata mwenye mto?"
Nikalia. Mbele za watu, tena na sahani mkononi, maana walikwisha kunipakulia. Nilipomaliza kula, fundi akanishonea suruali. Ufunguo nikamkabidhi mzee. Akaupokea kwa ncha za vidole. Soksi ilikuwa ya juzi.

Jumanne, 18 Juni
Nipo kwa mke wangu! Siku ya kwanza alipakua sahani mbili, kisha hakula, akakaa kuniangalia. Nimempenda upya.
Leo tumekwenda kuomba kibali. Karani akauliza makazi yangu ya kudumu ni wapi. Nikamwonyesha mke wangu. Karani akasema anahitaji anwani. Mke wangu akaitaja, akifuta machozi.
Sasa ni mchana, amelala baada ya zamu ya usiku, ameushika mkono wangu wa kulia hataki kuuachia. Namwandikia shemeji kwa mkono wa kushoto: amuulize fundi kama atanipangisha kile chumba cha nyuma, tukija likizo tuwe na pa kulala. Kwa jina la shemeji, lakini, yule mama wa mapato asisikie. Na kitanda tukiite meza.