Jiko Langu Lisilotoa Moshi

Leo nimeumbuka. Rafiki zangu mliohamia Malambo, nawaandikia mapema kabla hamjasikia kwa watu.

Wakwe watarajiwa wa binti yangu Paulina wanakuja Jumapili kuleta posa. Nitawapa chai bila sukari? (Paulina ameniambia wazi: nikimwaibisha, atanuna mpaka mavuno.) Sasa hapa Daa sukari imeadimika, na serikali ya kijiji imeweka sharti. Eti msitu unaisha, eti moshi unatuharibu vifua. Mwenye jiko la udongo, lile la kuni chache lenye bomba la moshi, ananunua kwanza. Mwenye mafiga matatu anasubiri mabaki.

Mimi nilishtuka. Tangu lini wakubwa wakajali kifua changu? Nikajua ni mtego: leo wanahesabu majiko, kesho wanayatoza kodi. Lakini sukari naitaka. Nikajenga jiko, Bibi Maendeleo, yule afisa anayekagua majiko, akaniandika kwenye orodha, akaenda zake. Nami nikaendelea na mafiga yangu kwenye kibanda cha nyuma. (Kuni mbili ziivishe makande? Wadanganyeni wengine!)

Leo asubuhi sukari imefika dukani. Nimekimbia hata uji sijapika. Mbele yangu nani? Mama Sulle, jirani yangu! Nikageuka kutazama nyumba zetu ng'ambo ya korongo. Paa lake linafuka moshi. Ahaa! Huyu anapikia mafiga, na sukari yangu ndiyo anayoichukua.

Sikuvumilia. "Mwenyekiti! Huyu mwongo! Tazameni moshi wake, halafu tazameni kwangu. Hata uzi wa moshi hamuoni!"

Mwenyekiti wa kijiji akatazama. "Kweli, Mama Paulina, kwako hakuna moshi kabisa." Akafikiri kidogo. "Tukakague nyumba zote mbili."

Foleni nzima ikatufuata. (Watu wa hapa kwa umbea!) Kwa Mama Sulle jiko lilikuwa la moto, makande yanatokota, na moshi wote unapandia bomba kwenda nje. Kumbe ndiyo kazi ya bomba!

Tukaja kwangu. Jiko baridi.

"Nimelizima sasa hivi," nikasema.

Bibi Maendeleo akainama, akaingiza mkono kwenye mdomo wa jiko kutafuta majivu.

"Mama weee!"

Amedonolewa! Kuku wangu mwekundu akaruka nje, nyuma yake kifaranga, na kingine, na kingine. Jamani, yule kuku aliyepotea! (Nilikuwa nimeshamwambia kila mtu kwamba Mama Sulle amemla.)

Mwenyekiti akavihesabu vifaranga taratibu. "Kuku anaatamia siku ishirini na moja, Mama Paulina. Hiyo sasa hivi yako ni ya lini?"

Watu walicheka, mmoja akakaa chini kabisa. Tuliporudi dukani jina langu likapelekwa mwisho wa orodha, na sukari ikaisha kabla sijafikiwa. Nilirudi nyumbani nikilia.

Mchana Mama Sulle akabisha hodi, na nusu ya sukari yake kwenye karatasi. "Ya wageni wa Paulina," akasema, wala hakucheka. Nilitamani ardhi inimeze. (Alipoondoka nikaionja. Ni sukari kweli.)

Jumapili chai nitachemshia kwenye jiko jipya. Kuku na vifaranga vyake nimewahamishia kwenye mafiga. Na nyinyi mkitaka kucheka, malizieni huko huko Malambo.