Mshenga kwa Sista Devotha

Jumatatu, 2 Juni 2025
Damari kapiga simu toka Iringa, kwa dada yake Bertha. Zamani aliniita Baba na jina la mtoto. Sasa ananiita Lutengano, kama karani anaita foleni. Kasema atarudi Ilomba nikienda kwa Sista Devotha, pale kituo cha afya, Jumanne tano, nikaongee. Si sindano, si vidonge. Kuongea! Nikaongee kwamba mwaka jana niliendesha pikipiki nimelewa, mtoto nyuma, nikaamka hospitali nimebaki mwenyewe. Jina lake siandiki. Kula sili, kulala silali. Lakini kuongea?

Jioni likanijia wazo. Damari mwenyewe sikumposa kwa mdomo wangu. Nilituma mshenga. Mambo mazito yana mtu wake wa kuyasema. Basi!

Jumanne, 3 Juni
Mshenga ni Asukile, jirani yangu, fundi viatu. Alifiwa na mke, kwa hiyo kulia anajua. Nimemvika koti langu, nimempa kadi yangu, nimemfundisha kisa chote.

Karudi macho mekundu. Sista kamuuliza maswali tisa: usingizi, chakula, kukata tamaa. Tumepata pointi kumi na tisa! Nikampa mkono. Akasema bwana wee, huku ukipata nyingi ndio umekwisha.

Jumanne, 10 Juni
Asukile hataki kusimulia. Nikambana. Akasema Jumanne ile ya kwanza kisa changu kilimwishia dakika ya kumi, akaingia kwenye cha kwake. Alikuwa ameshachagua siku ya kufa. Ilikuwa Jumatano iliyopita, yaani kesho yake baada ya mimi kumtuma. Sista kampeleka kwa daktari siku ile ile, kampa na namba yake apige saa yoyote.

Nikamuuliza kama hayo kayasema kwa jina langu, maana Damari akisikia ataogopa kurudi. Mungu anisamehe, hilo ndilo nililouliza kwanza.

Jumanne, 17 Juni
Pointi nane. Asukile analala, anakula, anapiga mluzi akigonga soli. Nimemtumia Damari ujumbe: naendelea vizuri. Kwenye faili napona kabisa. Nyumbani sijalala tangu Ijumaa, na pombe niliyoacha nimeirudia.

Jumanne, 24 Juni
Balaa! Sista kamwita Damari waje waongee pamoja. Namba yake ilikuwa kwenye kadi. Mimi niko ng'ambo ya barabara nakunywa chai, namwona anashuka kwenye bajaji. Nikatimua mbio. Nimechelewa. Kasimama mlangoni anamtazama Asukile ndani ya koti langu. Asukile anasema karibu shemeji. Sista akaniuliza mimi nani. Nikasema rafiki wa mgonjwa.

Damari akacheka, mara ya kwanza tangu msiba. Kisha akalia. Akasema akiwa nje kasikia jina la mwanae limetajwa mara tatu, na anayelitaja ni fundi viatu. Akaniuliza, we mwanaume, hata kulia unatuma mtu?

Sista hakugomba. Kasema wiki ijayo kiti ni changu, nije na mdomo wangu. Damari kasema atasubiri wiki hiyo moja tu, kwa Mama Faustina wa kanisani. Nikiongea, anarudi nyumbani. Nisipoongea, Iringa moja kwa moja.

Jumanne, 1 Julai
Nilikaa. Naapa nilikaa. Sista mbele yangu, Damari kando. Nikaongelea baridi. Nikaongelea bei ya viazi. Ndipo Sista akaniomba, taratibu, nimtaje mtoto kwa jina. Nikaomba kutoka kidogo.

Nje nikamkuta Asukile, siku hizi ana kadi yake. Nikamsihi aingie animalizie, neno moja tu. Akakataa. Akasema yeye hata mara mia angelitaja, lakini shemeji hajaja kumsikiliza yeye. Tukabishana mpaka mlango ukafunguliwa. Damari akapita bila kunitazama. Saa nane kapanda basi la Iringa.

Nimekosa. Nimemkosea yeye, nimemkosea mtoto.

Jumatano, 2 Julai
Kosa nimeliona: nilituma fundi viatu!

Nimempata Fanueli wa Rujewa, mwalimu wa kwaya, mtu wa heshima zake, machozi yako karibu. Kesho anakwenda Iringa kuniombea msamaha. Nimemfundisha tangu asubuhi, kayashika yote. Jambo moja tu kaniuliza: marehemu alikuwa anaitwa nani?

Nimemwambia akifika amuulize Damari.