Hewa ya Kukaa

Jumatatu ile kampuni ya magodoro ilitangaza rasmi vita dhidi ya hewa ukaa. Tangazo lilisomwa na meneja utumishi mwenyewe, ambaye alikuwa ametoka kwenye mafunzo ya usimamizi endelevu wa mazingira. Mafunzo hayo aliyahudhuria kwa macho mawili mpaka chai ya saa nne, na baada ya hapo kwa sikio moja, kwa sababu hoteli ilikuwa na makochi mazuri. Sikio hilo lilimtosha.

"Hewa ukaa ni hewa itokanayo na kukaa," aliwafafanulia wafanyakazi. "Mtu akikaa, joto linajikusanya chini yake. Mkikaa wengi, ndiyo hiyo tabianchi."

Nje, jenereta lilikohoa moshi mweusi. Meneja alifunga dirisha ili asikatizwe.

Viti vyote vikapelekwa stoo. Kilibaki kimoja tu, cha meneja, kwa ajili ya utafiti.

Mhazili wake, mjamzito wa miezi saba, miguu imemvimba mpaka viatu vimemkataa, alisogea taratibu. "Bosi, na mimi?"

"Wewe ndio hatari zaidi, dada. Mnakaa wawili."

"Basi nichuchumae?"

"Kuchuchumaa bado kunafanyiwa tathmini."

Meneja hakuwa mtu mbaya. Ila kiti cha ukurugenzi kilikuwa wazi, na alikitaka mpaka akawa anakiota. Akaiandikia bodi ripoti nene kuhusu madhara ya kukaa, na mwishoni akakiomba.

Ijumaa mwenyekiti wa bodi alifika, mama mwenye sauti ya upole. Meneja akamwamkia kwa heshima zote. "Shikamoo, Mama Mwenyekiti."

"Marahaba. Lakini siku hizi niite Msimamizi. Mwenyekiti ni cheo chenye hewa nyingi."

Meneja akatabasamu. Mambo yalikuwa yananyooka.

"Ripoti yako imetugusa sana, mwanangu. Kile kiti ulichoomba, tumekaa tukakijadili." Akajikohoza. "Tumesimama, nilitaka kusema. Tumekifuta."

"Mmekifuta?"

"Tungekuwa watu gani, kukupa wewe, mtaalamu wetu, kitu cha kukuchafua? Utaendelea palepale ulipo. Kwa miguu." Macho yake yakatua kwenye kiti kilichokuwa nyuma ya meza. "Na hicho?"

"Cha utafiti, mama."

"Si umeandika utafiti umekamilika?"

Mhazili akashika mgongo wa kile kiti. "Nikipeleke stoo, bosi?"

"Kipeleke," alisema meneja kwa sauti ndogo.

Mhazili akakisukuma kwa magurudumu yake, akaishia huko. Ilipofika saa tisa meneja alikuwa ameegemea ukuta, amevua viatu, na ndipo alipong'amua kwamba ofisi nzima ilikuwa tupu. Alifuata vicheko mpaka mlango wa stoo. Ndani, viti vilikuwa vinalia kwa uzito wa watu. Akagonga.

"Nani?"

"Mimi. Nifungulieni, nimechoka."

"Pole, bosi," ilijibu sauti ya mhazili, imetulia kama ya mtu aliyenyoosha miguu. "Humu hewa ni mbaya sana. Tunakulinda."