Kipandauso cha Binti Yangu na Kitabu cha Mama Miwani

Jumatatu, 6 Mei

Kitabu kinasema mwenye kipandauso aandike kila siku: kala nini, kalalaje, kichwa kimeamkaje. Binti yangu haandiki. Eti hana nafasi, ana sare za shule nzima za kushona. Basi naandika mimi. Kichwa ni chake lakini nimekizaa mimi.

Kitabu kaletewa na mama mkwe wake. Huyu mimi namwita Mama Miwani. Ana ya kusomea, ana ya kutazamia mbali, na nyingine ya kuning'inia kifuani tu. Kimeandikwa na daktari wa ubongo, mwanamke. Picha yake iko nyuma, anatabasamu kama yeye ndiye aliyemnyonyesha mwanangu. Mama Miwani keshakisoma chote. Akatusomea kwa sauti. Eti kipandauso si kichwa kuuma tu, ni ugonjwa wa ubongo, na anayeugua si mvivu wala hajidekezi. Machozi yakamlenga binti yangu. Akasema leo ndiyo kampata mtu anayemwelewa.

Leo! Na mimi niliyemkanda kichwa tangu darasa la pili ni nani? Mpita njia?

Jumanne, 7 Mei

Nimekiazima kitabu. Binti yangu alikuwa anampima mteja, sikutaka kumsumbua kwa kumwomba ruhusa. Mpango ni huu: Mama Miwani akisema tena "kitabu kinasema", mimi nimalizie.

Nasoma kwa kidole. Kidole kinachoka kabla ya macho. Ila daktari anaandika vizuri, simnyimi haki yake. Anasema ubongo wa mwenye kipandauso ni kama mlinzi mwenye wasiwasi: jani likianguka, anapiga king'ora. Nikajiona mzimamzima.

Halafu nikaokota lulu. Kipandauso mara nyingi hurithiwa katika ukoo. Ukoo! Hapo Mama Miwani ana nini? Hana hata ukucha.

Kweli, mimi sijawahi kuugua kichwa hicho. Lakini nani anajua?

Jumatano, 8 Mei

Nimeugua kipandauso. Tulikuwa mezani kwa binti yangu, wote. Nikashika kichwa, nikasema pole mwanangu, ndiyo haya niliyokurithisha. Akanilaza, akavuta pazia, akanishika mkono. Raha iliyoje! Mama Miwani kasimama mlangoni, kavaa miwani mbili kwa mpigo.

Bahati mbaya, redio sebuleni ikaanza ule mchezo ninaoufuatilia. Nikaomba waongeze sauti. Kisha nikauliza kama nyama imebaki.

Mama Miwani akasema, kwa ule upole wake wenye sindano ndani: mkwe mwenzangu, kipandauso chako kina masikio mazima na tumbo zima. Mume wa binti yangu akageukia ukuta. Mabega yanamtikisika.

Nilirudi kwa miguu. Njiani kichwa kikaanza kuuma kweli. Nimwambie nani?

Alhamisi, 9 Mei

Sura ya tatu. Kumbe kipandauso hubisha hodi kabla ya kuingia: shingo kukaza, hasira za ghafla, hamu ya vitamu, miayo. Miayo! Nikaenda dukani kwa binti yangu, nikakaa kwenye benchi la wateja, nikawa namvizia mdomo. Ili kupoteza muda nikamsimulia ugomvi wa jirani na bomba lake, tangu mwanzo.

Akapiga mwayo. Nikaruka! Kitambaa cha maji nilikuwa nacho tayari. Nikamfunga kichwani. Maji yakachuruzika mpaka kwenye hariri ya bibi harusi aliyekuja kujaribisha gauni. Alipiga yowe ambalo hata mimi siliwezi.

Binti yangu akasema, mama, sikuwa naugua, nilikuwa nakusikiliza.

Kanitoa nje kwa adabu. Lakini kanitoa.

Ijumaa, 10 Mei

Sikusoma. Moyo umenyong'onyea. Binti yangu kauliza kitabu kiko wapi, maana kesho Mama Miwani anakuja kumsomea. Akaongeza, nawe mama njoo ukipenda. Ukipenda! Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lakini anayealikwa ni mwenye miwani.

Nitakwenda nimependeza, na nitanukia kumshinda. Nimetoa manukato niliyoyaweka tangu harusi ya binti yangu. Shingoni, viganjani, mtandio wote.

Jumamosi, 11 Mei

Sijui niandikeje.

Nilipomkumbatia binti yangu, akajitoa kifuani pangu. Akasema anaona mistari inamulika kama meno ya msumeno, pembeni mwa jicho. Kisha akakimbilia ndoo.

Mama Miwani akafungua madirisha. Akaninusa. Akasema maneno mawili tu: sura ya tano. Mimi nimeishia ya tatu! Harufu kali, ndiyo ilivyoandikwa. Mlinzi huamshwa na jani, mimi nikamwangushia mti.

Nikaoga kwa sabuni ya kufulia, nikavaa gauni la binti yangu lisilofunga mgongoni, nikaingia chumbani. Giza. Mwanangu kafunikwa macho, kaomba tusiseme neno. Mama Miwani upande ule, mimi upande huu. Nikapapasa blanketi, nikaupata mkono wake. Nikaubana. Ukanibana. Machozi yakanitoka. Nikasema moyoni, vitabu vitapita, mama habadilishwi. Nikaubusu.

Tulikaa hivyo mpaka maumivu yakapungua. Mume wake akasogeza pazia kidogo.

Mikono ya binti yangu, yote miwili, ilikuwa chini ya mto.

Niliyekuwa namshika ni Mama Miwani. Naye alikuwa analia. Tukaachiana kama walioshika sufuria la moto.

Binti yangu akatutazama, akacheka kidogo huku kashika kichwa. Akasema, mikono minne yote hiyo, na mimi sina wa kunipa maji?

Jumapili, 12 Mei

Mama Miwani kaja kwangu. Kakiri naye alidhani ni mkono wa binti. Kasema tuache mashindano, tusome pamoja, mgonjwa wetu ni mmoja. Nimekubali kwa moyo mweupe. Tumekunywa chai. Kumbe ni mtu wa kucheka.

Binti yangu kaamka salama. Katuma ujumbe: asante mama, umenivumilia. Mama Miwani naye kapata wake. Alipokwenda kunawa nikausoma. Ni uleule, neno kwa neno. Ila wangu ulitangulia kufika.

Kesho naanzia sura ya mwisho, nirudi nyuma, ili tukikutana niwe nimempita. Ya tano nitairuka, hiyo naijua. Na nimenunua manukato mengine ya kwendea. Ya waridi. Kitabu kinakataza makali, haya ni matamu tu.