Koti Lililotibiwa Kabla Yangu

Kwa Ndugu Daktari Mkuu wa Hospitali,

Yahusu: koti la bluu linalohudumiwa vizuri kuliko mwenye nalo

Ndugu Daktari Mkuu,

Pokea salamu za mtu aliyeegemezwa mito pande zote kama yai kwenye trei. Mwandiko ukiyumba, ujue nimepumzika. Ukikatika kabisa, tafadhali malizia mwenyewe kwa busara zako.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa jiografia. Moyo wangu umetanuka. Aliyeniambia ni daktari wako mmoja kijana, na mke wangu aliposikia akaguna kwamba miaka yote ameishi nami na huo ukubwa hajawahi kuuona. Dawa zimemaliza kazi yake, nami nakaribia kumaliza yangu. Hilo silalamikii. Kifo kina haki kuliko wengi ninaowafahamu, hakimuulizi mtu amevaa nini. Nalalamikia idara yako ya dharura. Na kwa kuwa anayefunga mizigo haogopi kufukuzwa, nitasema yote, hata yale yanayoniaibisha mwenyewe.

1. Kuhusu benchi.

Mara ya kwanza nililetwa kwenu na pijama, moyo unanidunda kama watu wanahamisha kabati kifuani. Mlinzi wa mlangoni alinikagua kuanzia ndala kwenda juu, na hakufika mbali. “We babu, benchi hulioni?”

Nililiona. Ni refu, lina mguu mmoja mfupi, hivyo mmoja akiinuka wote huyumba. Nilimkuta hapo mama aliyempakata mtoto aliyeungua mkono kwa maji ya moto, na mwashi ambaye msumari ulipenya kiatu ukaingia unyayoni. Mwashi alikuwa mcheshi. Alituomba tusimkanyage, maana msumari ule ni wa tajiri yake na ana dhamana ya kuurudisha. Mara akaingia bwana mwenye tai, ana chokea, kile kijipu kidogo cha kwenye kope. Chokea, Ndugu Daktari! Alipitishwa mbele yetu kwa “karibu bosi, pole sana bosi”, mlango ukafungwa. Mtoto akaendelea kulia. Mwashi akanigeukia: “Mzee wangu, kosa letu tumeumia mbali. Wenzetu wanaumia karibu na tai.”

Siku hiyo nilitibiwa hatimaye, na aliyenitibu alikuwa mpole. Sina ugomvi naye. Lakini nilipoitwa ndani, moyo wangu ulikuwa umechoka kudunda, ukaonekana mzima.

2. Kuhusu koti lenyewe.

Shule niliyofundisha ilipobadilisha pazia la jukwaa, mke wangu, ambaye ni fundi cherehani, aliliomba lile la zamani akanishonea koti. Kitambaa ni kizito, cha bluu iliyoiva, na ukilipindua ndani utaona bado matundu ya pete za pazia. Nililivaa kwenye harusi ya binti yetu, nikasema nitazikwa nalo. Hivi karibuni mke wangu alinisimamisha mbele ya kioo alipunguze, kwa kuwa nimekonda. Alikuwa na pini mdomoni na ananikemea: “Simama wima, mwanamume. Unataka watu waseme nimezika hanga ya nguo?” Nikacheka, nikapata kizunguzungu, nikaanguka juu ya cherehani. Jirani mwenye gari akatuleta kwenu mimi na yeye, koti likiwa mwilini mwangu, pini zimo.

Ndugu Daktari, mlinzi yuleyule alinipigia saluti. “Shikamoo mzee! Pisheni, pisheni jamani!” Kikaja kiti cha magurudumu. Presha yangu ilipimwa na watu watatu, na kila mmoja alipata jibu lake, yote ya heshima. Nesi akaniuliza, “Mheshimiwa unatokea ofisi gani?” Nikajibu kwa ukweli kwamba nimestaafu. Hapo ndipo nilipoharibu. Nilimsikia akimnong’oneza mwenzake: “Anasema amestaafu. Ndivyo wanavyosemaga hao, wanakuja kimyakimya kutukagua!” Dakika hiyohiyo sakafu ikapigwa deki. Nikaletewa chai. Mashine iliyokuwa na kibandiko cha “mbovu” ikabanduliwa kibandiko, ikafanya kazi.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Nimewafundisha watoto wa watu methali hiyo kwa miaka mingi, na sasa nawaomba radhi. Kwenu inasitiri matako, mgongo, na ukoo mzima.

3. Kuhusu mke wangu.

Hapa ndipo penye kidonda. Mke wangu ana pumu. Kwa ile hofu na haraka, ilianza kumkaba tangu mlangoni. Mgonjwa halisi siku ile alikuwa yeye, mimi nilikuwa nimechomwa na pini tu. Akaambiwa, “Mama, kaa hapo benchini, tuna mgonjwa mzito ndani.” Mgonjwa mzito nilikuwa mimi, nakoroga sukari.

Kifua chake kikibana hutoa mluzi. Naujua mluzi ule kama mwalimu anavyoijua kengele. Niliusikia kupitia mlangoni. Na sasa nakiri kwako, kwa sababu kwa Mungu nimeshakiri na kwake mwenyewe nimeshakiri, naye akanifinya: niliusikia mluzi wa kwanza, nikanywa funda moja zaidi. Chai ilikuwa tamu. Kuogopwa nako kulikuwa kutamu. Sijawahi kuogopwa hata darasani.

Mluzi wa pili ulininyanyua. Nikatoka, nikavua koti, nikamvika. Basi! Nesi aliyekuwa ananifuata na kijiko akapaza sauti, “Jamani, huyu ni mama mheshimiwa, leteni hewa upesi!” Wakamwingiza, wakamvalisha kinyago cha mvuke, akapumua. Nilipotaka kumfuata, mlinzi akanishika singleti. “We babu, nani kakuruhusu huku? Benchi hulioni?” Ni yuleyule, Ndugu Daktari, mate ya saluti hayajamkauka. Nikaketi. Benchi likayumba. Kizunguzungu changu, ambacho mpaka hapo kilikuwa cha mchezo, kikawa cha kweli, na hakuna aliyekipima.

4. Kuhusu matumizi ya koti mtaani kwetu.

Siri haikai kwenye nyumba yenye cherehani. Wateja wa mke wangu walisikia, na tangu hapo koti limekuwa la mtaa. Fundi baiskeli, ambaye karakana yake imepakana na dirisha langu, alikuja nalo kwenu akiwa amepondwa kidole. Muuza mboga, mwanamke mfupi kama kauli yake, alilivaa mikono ikimpita magotini, akamfunika mjukuu wake ndani yake, wakatibiwa wote wawili kama mtu mmoja mwenye cheo. Dada mmoja alilivaa akiwa na uchungu wa kuzaa. Halikufunga kifungo hata kimoja, lakini lilifungua milango yote.

Malalamiko yangu hapa ni kwamba hakuna kwenu aliyeshtuka. Mheshimiwa mmoja aje leo kidole kimepondwa, kesho amefupika, keshokutwa anajifungua, na mlinzi aseme tu, “Mheshimiwa, siku hizi umebadilika kidogo”? Mnalitazama koti kwa makini sana. Naomba siku moja mtazame na kilichomo.

5. Maombi yangu.

Kwa kuwa idara yako hutibu koti, naona tusizunguke. Naomba koti lipewe kadi yake, kitanda chake na nesi wake, lipimwe presha kwenye mkono wa kushoto ambao haujalegea mshono. Sisi tuliomo ndani tutasubiri nje, tukilitakia nafuu.

Ikishindikana, litundikwe kwenye msumari mlangoni, kila mgonjwa alivae kwa zamu. (Kama msumari haupo, nina habari za mwashi.) Lakini hapo nimeona tatizo. Patakuwa na foleni ya kulingojea koti, na kwenye foleni hiyo atakuja mtu mwenye koti lake, apitishwe mbele achukue koti. Itabidi pawe na koti la pili kwa ajili ya foleni ya koti la kwanza, na la tatu kwa ajili ya la pili. Mke wangu anasema pazia halitoshi.

Yote hayo yakishindikana, ninalo pendekezo la mwisho, ingawa naogopa utaliona la kichaa: mtu mmoja asimame mlangoni, amuulize kila anayeingia, “Unaumwa nini?”, asikilize jibu, kisha aanze aliyezidiwa zaidi.

6. Kwa nini nina haraka.

Juzi palifanyika kikao sebuleni kwangu kuhusu mazishi yangu, nami nikiwepo, kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine pa kuniweka. Binti yangu alisema, “Baba hazikwi na singleti, nikiwa hai.” Fundi baiskeli akamjibu kwa adabu, “Dada yangu, huko anakokwenda baba hakuna mapokezi. Huku ndiko koti lina kazi.” Muuza mboga akaniuliza mimi mwenyewe. Nikasema marehemu hana kura. Walicheka hadi fundi akamwaga chai kwenye shuka langu.

Mke wangu peke yake hakucheka. Alisema koti libaki kwa wanaolitaka, lakini yeye halivai tena. “Nililikata kwa mkasi wangu, kwenye pazia. Siku ile sikujua nimevikwa nini, nilikuwa nakata roho. Sasa najua. Nikilivaa tena ili nipewe hewa yangu, nitakuwa nimelituma pazia likanipumulie.” Akaapa. Naye akiapa, ndugu yangu, hata mashine yake ya kushonea hunyamaza.

Sasa unaelewa. Mimi nitaondoka. Yeye atabaki na kifua kile na gauni lake la kushindia, na siku moja ataketi kwenye benchi lile akipiga mluzi, na mimi sitakuwepo nyuma ya mlango kuusikia, si wa kwanza wala wa pili. Hicho tu ndicho kinachonikosesha raha ya kufa. Mengine yote nimeyazoea.

Kwa hiyo natangaza rasmi: kuanzia barua hii, nyumba yangu imejitoa katika biashara ya koti. Litabaki msumarini kwetu. Mimi nikizidiwa, nitaletwa na singleti, niketi nisubiri zamu yangu, na akiwepo aliyezidi kuumwa, apite, hata awe yule wa chokea. Hakuna mtu wa nyumba hii atakayeomba tena kutangulizwa mbele ya mwingine. Tunaanza sisi, nanyi mfuate.

Nisalimie daktari kijana aliyeuona moyo wangu. Nisalimie nesi wa chai, umwambie kwamba sikumkagua, ila angekaguliwa angefaulu kwenye sukari. Nisalimie mwashi akija tena, na yule mtoto aliyeungua mkono. Mlinzi naye msalimie, kuanzia viatu kwenda juu, na ufike mpaka mwisho.

Wako ninayesubiri,

Mwalimu mstaafu,
nyumba iliyopakana na karakana ya baiskeli

Tanbihi: Barua hii aliileta fundi baiskeli na ovaroli yake, akarudi nayo. Mlinzi amemwambia barua hazipokelewi kwa watu wenye grisi. Mke wangu aliposikia aliweka mkasi chini, akaisoma yote, akacheka mahali pa mkasi na mahali pa chai, kisha akaenda msumarini akalivaa koti. Nikamkumbusha kiapo. Akanijibu, “Niliapa kwa ajili ya pumzi yangu. Hii ni ya kwako.” Basi anayekukabidhi barua hii ndiye yeye. Nakuomba usimwite mheshimiwa, maana atacheka, na akicheka sana pumu humshika. Na ikimshika hapo mbele yako, najua nilichoandika namba tano na namba sita, na najua huenda benchini yupo mwenye hali mbaya kuliko yake. Huyo simjui. Huyu namjua. Kwa hiyo tafadhali, Ndugu Daktari, kwa heshima ya koti, anzeni na yeye. Haki ianze kesho asubuhi.