Jicho Lililokaa Mlangoni

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Ukurasa wa kliniki ya macho umekamilika. Kazi ya mikono yangu! Juu kabisa nimeweka jicho. Kubwa, jeusi, linang'aa. Ukishuka kusoma, linashuka nawe, halibanduki. Kitufe cha kuthibitisha miadi nimekichora kama mlango mdogo wa buluu. Bosi amesema jicho lina haiba. Darubini, mkaguzi wetu anayekaa mkabala nami, amesema linamtia baridi. Wivu tu! Sote wawili tunakitaka kiti cha dirishani, na bosi ameahidi kumpa atakayemaliza wiki bila lalamiko.

Darubini kanipa fomu yake ya ukaguzi. Je, ukurasa umekuzwa mara nne na bado unatumika? Nikasogeza kiti mpaka pua ikagusa kioo. Ukurasa ukakua. Nikatia tiki. Kwani kurasa za siku hizi si hujipanga zenyewe ukizikuza, kama vile ziko kwenye simu? Nani ana muda wa kuzichungulia!

Shangazi yangu, aliyenilea tangu nikiwa wa kubebwa mgongoni, ana mtoto wa jicho macho yote mawili. Kapata nafasi ya upasuaji kliniki hiyohiyo. Sharti athibitishe kwenye ukurasa wangu kabla ya Ijumaa saa sita mchana, la sivyo nafasi anapewa mwingine. Nilitaka kumfanyia. Akakataa katakata, akasema amechoka kushikwa mkono kama mtoto. Nikamwambia ukurasa huu hata kipofu atauweza.

Jumanne, tarehe 5

Saa kumi kasorobo, alasiri, maoni ya kwanza yameingia kwenye kisanduku cha mwisho wa ukurasa. Hayana jina.

"Jicho linanitazama. Mlango siuoni."

Mlango upo. Mimi nauona. Nimeyafuta upesi kabla Darubini hajainua kichwa. Lalamiko lililofutwa si lalamiko.

Jumatano, tarehe 6

Saa kumi kasorobo tena! Dakika ileile!

"Nikishuka, linashuka nami. Niko peke yangu humu?"

Mwili umenisisimka. Meza yangu ilikuwa ya fundi wa zamani, marehemu. Wanasema alilalamikia kurasa za watu mpaka siku aliyokata roho. Darubini kauliza mbona natetemeka. Nikasema ni feni. Feni hiyo haijazunguka tangu mwaka jana.

Nyumbani Shangazi alianza kunieleza jambo kuhusu jicho. Nikamwomba asubiri, nina mzimu kazini.

Alhamisi, tarehe 7

Dawa imepatikana! Nimechungulia takwimu. Mgeni huyu kila akiingia huukuza ukurasa mara nne. Binadamu gani hukuza hivyo? Basi nimefunga ukuzaji kabisa. Mistari mitatu tu ya maagizo, na hakuna atakayekuza hata herufi moja. Aende akamsumbue fundi mwingine.

Kumi kasorobo ilinikuta roho juu juu.

"Nani kazima taa? Maneno yamekuwa sisimizi."

Lo! Nikaruka, nikamwaga maji juu ya makaratasi ya Darubini. Akaniambia debe tupu haliachi kuvuma.

Ijumaa, tarehe 8

Saa tano u nusu asubuhi. Si saa yake! Neno moja.

"Basi."

Nasema kweli, nilifurahi. Nikajua kaondoka. Nikapiga mluzi mpaka jioni.

Nilipofika nyumbani Shangazi alikuwa mbele ya kompyuta yangu ya zamani, pua imegusa kioo. Hakugeuka. Lile jicho langu lilikuwa juu ya ukurasa, linamtazama.

Akasema kwa upole kwamba kliniki imepiga simu. Nafasi kapewa mwingine. Nyingine ni baada ya miezi mitano. Alijaribu kila siku alipoamka usingizi wa mchana. Akikuza ili asome, jicho lilijaa karibu kioo kizima na mlango ukabaki nyuma yake, chini kikachungulia kisanduku cha maoni tu. Jana hata kukuza kukakataa, na leo asubuhi vilevile. Alikuwa akiwaandikia wenye ukurasa, akidhani kuna mtu anasoma.

Miezi mitano! Nikalia, nikamwomba radhi, naye akanyoosha mkono anishike kichwa, akashika hewa kwanza. Akasema usilie mwanangu, angalau mzimu wako umepatikana.

Jumamosi, tarehe 9

Nimefungua tena ukuzaji, niko nyumbani. Jicho nimeliacha. Kuliondoa ni kukiri mbele ya Darubini, na hilo sitalifanya ng'o.

Saa kumi kasorobo Shangazi alikuwa kando yangu akikunja nguo. Mikono yake yote miwili nilikuwa naiona. Maoni yakaingia.

"Mwenzetu mmoja katoka. Sisi bado tumo."

Nywele zilinisimama. Shangazi akauliza kuna nini. Nikamsomea. Akaacha kukunja, akaelekeza uso kwenye kioo kama mtu anayesikiliza hodi. Akauliza wapo wangapi. Nikasema sijui. Akasema nililaze hilo jicho langu leo hii, niwafungulie watu wa wenyewe, kwani yeye ameshakaa humo na anajua kulivyo.

Nikamwambia haya, Shangazi, nimeshawafungulia.

Nimeondoa kisanduku cha maoni.

Jumatatu, tarehe 11

Kumi kasorobo imepita. Kimya kabisa! Wiki nzima bila lalamiko hata moja kwenye daftari la bosi. Darubini alikuwa na mawili, yote ya makaratasi yenye maji.

Kiti cha dirishani ni changu. Mwanga mzuri ajabu, nasoma hata herufi za chini kabisa. Takwimu za leo zinasema wageni hamsini na watatu wameingia kwenye ukurasa wangu tangu asubuhi, na mpaka sasa hakuna hata mmoja aliyetoka. Wanaupenda!